Kasese na Bwera: Namna wilaya moja ya mpakani inavyogawanywa kiutawala na kiuchaguzi

Wilaya ya Kasese iko magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, ikipakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni miongoni mwa wilaya zenye watu wengi zaidi nchini humo. Ni wilaya moja, lakini ndani yake mna kaunti, manispaa, kaunti ndogo, mabaraza ya miji, parishi, vijiji na majimbo ya uchaguzi. Mipaka ya maeneo hayo hufuatana mahali pamoja na kupishana mahali pengine.

Kwa mkazi wa Bwera anayehitaji barua ya utambulisho, kwa mkulima wa Karambi anayetafuta mkopo wa serikali, au kwa mpigakura wa Hima anayetaka kumjua mbunge wake, kila haja ina mlango wake. Anayebisha mlango usiohusika hupoteza siku, nauli, na wakati mwingine haki yenyewe. Makala hii inaeleza namna wilaya hiyo ilivyogawanywa, nani anatawala wapi, nani anachaguliwa na nani, na kwa nini suala la mipaka limekuwa zito kuliko linavyoonekana kwenye ramani.

Mahali na watu

Upande wa magharibi Kasese inapakana na Kongo, na kusini inatazamana na wilaya ya Rubirizi ng'ambo ya mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa Edward na ziwa George. Kaskazini na mashariki inapakana na wilaya za Bundibugyo, Kabarole, Bunyangabu, Kamwenge na Kitagwenda. Mstari wa ikweta hupita wilayani humo, karibu na Kikorongo.

Sehemu kubwa ya ardhi imo ndani ya hifadhi za taifa. Hifadhi ya Malkia Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, imechukua mbuga za bondeni. Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991, imechukua vilele, kikiwemo cha Margherita chenye urefu wa mita 5,109. Watu wamebaki katikati, kwenye miteremko na kando ya barabara kuu, nao wanaongezeka upesi. Sensa ya mwaka 1991 ilihesabu wakazi 343,601. Ile ya 2002 ilihesabu 523,033, na ya 2014 takriban 695,000.

Wakazi walio wengi ni Bakonzo. Wapo pia Basongora, ambao kwa asili ni wafugaji, Banyabindi, Batooro, Bakiga waliohamia kutoka Kigezi, na watu wenye asili ya Kongo. Kiswahili kiliingia kwa njia kadhaa: kambi za jeshi, machimbo ya shaba ya Kilembe, reli iliyofika Kasese mwaka 1956, na biashara ya mpakani. Leo ni lugha ya soko la Mpondwe, na tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili ya Uganda.

Jinsi wilaya ilivyozaliwa

Mpaka wa kwanza kuligawa eneo hili katika enzi ya ukoloni ulikuwa wa kimataifa. Makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910 yalipitisha mstari katika safu ya Rwenzori na kuwatenganisha watu wa ukoo mmoja. Wale wa upande wa Uganda hujulikana kama Bakonzo, na wale wa upande wa Kongo, katika maeneo ya Beni, Butembo na Lubero, hujulikana kama Banande.

Upande wa Uganda, serikali ya kikoloni iliwaweka Bakonzo na Baamba chini ya ufalme wa Toro, ambao mkataba wake na Waingereza ulitiwa saini mwaka 1900. Malalamiko kuhusu elimu, kodi, vyeo na lugha yalilimbikizana kwa miongo. Mapema mwaka 1962, Uganda ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, wajumbe wa Bakonzo na Baamba walitoka nje ya bunge la Toro baada ya kukataliwa kutambuliwa sawa na Batooro katika katiba ya ufalme huo. Miongoni mwao walikuwa Isaya Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya. Dai lao lilikuwa la kiutawala: walitaka wilaya yao.

Tume iliyoongozwa na Dakta Ssembeguya ilichunguza mgogoro huo na haikuunga mkono wilaya tofauti. Tarehe 30 Juni 1962 Mukirane alitangaza Rwenzururu kuwa nchi huru, na vuguvugu likaingia milimani. Alifariki mwaka 1966, na mwanawe, Charles Wesley Mumbere, akarithi uongozi akiwa bado mtoto.

Wilaya iliyokataliwa na tume ilikuja kutolewa na Idi Amin. Mwaka 1974 serikali yake iliigawa Toro, ikawapa Bakonzo wilaya iliyoitwa Rwenzori na Baamba wilaya iliyoitwa Semliki. Rwenzori ndiyo iliyobadilishwa jina baadaye kuwa Kasese, na Semliki ikawa Bundibugyo. Hata hivyo wapiganaji wa Rwenzururu hawakuweka silaha chini hadi Agosti 1982, walipoafikiana na serikali ya Milton Obote.

Kwa sababu hiyo, mpaka wa wilaya hapa huangaliwa kwa jicho tofauti na kwingineko. Kwa wakazi wengi, mstari unaoizunguka Kasese ulidaiwa kwa miaka mingi na kwa gharama ya damu. Anayependekeza kuuchora upya hugusa kumbukumbu hiyo, hata kama nia yake ni kusogeza huduma tu.

Ngazi tano za utawala

Mfumo wa sasa unatokana na mabaraza ya upinzani yaliyoundwa na serikali ya NRM ilipoingia madarakani mwaka 1986. Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ziliyageuza kuwa mabaraza ya mitaa, yanayojulikana kwa herufi LC. Ngazi ni tano.

Ya kwanza, LC1, ni kijiji. Baraza lake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18 na kuendelea, na kamati yake ina watu kumi wakiongozwa na mwenyekiti. Hapa ndipo barua za utambulisho huandikwa, magomvi madogo husikilizwa, na mauziano ya ardhi hushuhudiwa.

Ya pili, LC2, ni parishi. Katika maeneo mengi ya Uganda huitwa muluka, neno la Kiganda lililosambazwa na utawala wa kikoloni.

Ya tatu, LC3, ni kaunti ndogo, ambayo watu wengi huiita gombolola. Baraza la mji lina hadhi sawa na kaunti ndogo, na divisheni ya manispaa vilevile.

Ya nne, LC4, ni kaunti, au manispaa kwa upande wa mjini.

Ya tano, LC5, ni wilaya yenyewe.

Tofauti muhimu ni kwamba ngazi hizi hazina nguvu sawa. Wilaya, manispaa, kaunti ndogo, mabaraza ya miji na divisheni ni serikali za mitaa kamili. Zinaweza kukusanya mapato, kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo, kushtaki na kushtakiwa. Kijiji, parishi na kaunti ya vijijini ni vitengo vya utawala tu. Vinasimamia na kushauri, ila havina hazina yao wenyewe ya kisheria. Ndiyo maana mapato ya vijijini hukusanywa katika kaunti ndogo, ambayo hubaki na asilimia 65 na kupeleka asilimia 35 wilayani. Sehemu ya fedha zinazobaki hutakiwa kushuka hadi parishini na kijijini.

Sambamba na viongozi wa kuchaguliwa wapo watumishi wa kuteuliwa. Mtendaji mkuu wa wilaya, anayejulikana kwa herufi CAO, huajiriwa na serikali kuu na ndiye mwenye dhamana ya fedha na wafanyakazi. RDC ni mwakilishi wa rais wilayani, anayeteuliwa na rais mwenyewe. Mwenyekiti wa LC5 ndiye kiongozi wa kisiasa, na huyo huchaguliwa moja kwa moja na wapigakura wa wilaya nzima. Mkazi anayelalamikia dawa kukosekana katika zahanati, kwa mfano, jambo lake ni la ofisi ya CAO na baraza la wilaya. Suala la usalama litamhusu zaidi RDC.

Bukonzo na Busongora

Kwa asili wilaya ya Kasese ina kaunti mbili. Bukonzo iko kusini magharibi, kuelekea mpaka wa Kongo. Busongora iko kaskazini na mashariki, ikichanganya miteremko ya milima na tambarare za maziwa.

Ndani ya Bukonzo mna kaunti ndogo za Bwera, Karambi, Ihandiro, Isango, Kitholhu na Nyakiyumbu upande wa magharibi, na Kisinga, Kyarumba, Kyondo na Munkunyu upande wa mashariki. Ndani ya Busongora mna Bugoye, Maliba, Kitswamba, Kyabarungira, Buhuhira na Bwesumbu upande wa kaskazini, na Muhokya, Karusandara na Ziwa Katwe upande wa kusini. Hii si orodha kamili, kwa maana kaunti ndogo mpya zimekuwa zikimegwa kutoka zile za zamani.

Mabaraza ya miji pia yameongezeka. Katwe-Kabatoro lilikua kando ya ziwa la chumvi la Katwe. Hima lilikua kutokana na kiwanda cha saruji. Mpondwe-Lhubiriha limekaa juu ya mpaka wenyewe. Mengine, kama Rugendabara-Kikongo, Kinyamaseke na Kisinga, yalianza kama vituo vya biashara kando ya barabara kisha yakapandishwa hadhi.

Hata tahajia ya jina la kaunti ina historia. Nyaraka za zamani, zilizoandikwa wakati wa utawala wa Toro, husema Bukonjo na Bakonjo. Wenyeji wenyewe husema Bukonzo na Bakonzo. Kwa hiyo msomaji anayekutana na maandishi yote mawili katika hati za ardhi au za uchaguzi asidhani kwamba ni maeneo mawili tofauti.

Manispaa ya Kasese

Mji wa Kasese ulikua kwa sababu ya reli na shaba. Mwaka 2010 ulipata hadhi ya manispaa, na sensa ya 2014 ilihesabu humo zaidi ya watu 100,000. Una divisheni tatu: ya Kati, Nyamwamba na Bulembia. Bulembia ndiyo inayopanda bondeni hadi machimbo ya Kilembe.

Manispaa ina meya wake, baraza lake na karani wake wa mji. Haiko chini ya Bukonzo wala Busongora. Mtu anayekaa mita chache nje ya mpaka wa manispaa huhudumiwa na gombolola, na jirani yake aliye ndani huhudumiwa na divisheni. Ada za soko, vibali vya ujenzi na uzoaji wa taka hufuata taratibu tofauti pande hizo mbili.

Ugumu wa mgawanyo huo huonekana wakati wa maafa. Mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka Rwenzori kupitia Kilembe hadi mjini, ulifurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, ambapo hospitali ya Kilembe iliharibiwa. Maji yale yale hupita katika maeneo ya mabaraza tofauti kabla ya kufika tambarare. Kuondoa mawe katika sehemu moja ya mto hakusaidii ikiwa sehemu ya juu haikushughulikiwa, na ndiyo maana kazi ya namna hiyo hulazimu wilaya, manispaa na serikali kuu kukaa meza moja.

Bwera: jina moja, maeneo kadhaa

Hakuna jina wilayani linalochanganya kama Bwera. Katika mazungumzo, Bwera ni mji wa mpakani ulio takriban kilomita 50 kutoka Kasese mjini. Katika nyaraka, Bwera ni kaunti ndogo, na sehemu kubwa ya kile ambacho msafiri anakiita mji wa Bwera ni baraza la mji la Mpondwe-Lhubiriha. Baraza hilo lilikuwa na wakazi takriban 51,000 katika sensa ya 2014, wengi kuliko mji mwingine wowote wilayani isipokuwa manispaa. Zaidi ya hapo, wapo wanaotumia jina la Bwera kwa maana ya Bukonzo Magharibi yote.

Mkanganyiko huo una athari. Mfanyabiashara anayeandika Bwera kwenye fomu huku duka lake likiwa Mpondwe anaweza kutumwa katika ofisi isiyohusika na leseni yake. Njia ya uhakika ni kuuliza jina la kijiji na la parishi, kwani kutoka hapo ngazi zote za juu hujulikana bila utata.

Ng'ambo ya mto Lhubiriha kuna mji wa Kasindi, ulio katika eneo la Beni, jimbo la Kivu Kaskazini. Hapa Kiswahili chenyewe huhitaji uangalifu. Kwa msemaji wa Kiswahili cha Kongo, jimbo ni eneo kubwa la utawala lenye gavana. Kwa msemaji wa Uganda, jimbo ni eneo la uchaguzi lenye mbunge mmoja. Mtu anayetoka Kasindi akisikia habari za jimbo la Bukonzo Magharibi anaweza kudhani kwamba ni kitu kikubwa kuliko wilaya, ilhali ni sehemu yake tu.

Mpaka huu pia umeleta misiba. Waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na Bwera Novemba 1996, na Juni 2023 wakashambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipovuka kutoka Kongo, mtoto mgonjwa alifikishwa hospitali ya Kagando, iliyoko Kisinga katika Bukonzo Mashariki, kisha akahamishiwa Bwera katika Bukonzo Magharibi. Siku hizo taarifa kutoka kwa wenyeviti wa vijiji zilikuwa na uzito sawa na za maabara, kwa sababu mwenyekiti wa LC1 ndiye anayejua ni nyumba ipi imepokea mgeni.

Majimbo ya uchaguzi

Majimbo ya bunge hayachorwi na baraza la wilaya. Ibara ya 63 ya Katiba inaipa Tume ya Uchaguzi kazi hiyo, kwa masharti. Kila kaunti iliyoidhinishwa na Bunge lazima iwe na angalau mbunge mmoja. Hakuna jimbo linaloruhusiwa kuvuka mpaka wa kaunti na kuingia nyingine. Idadi ya watu katika majimbo inapaswa kukaribiana, ingawa umbali, milima, mito na msongamano wa watu vinaweza kuzingatiwa. Mipaka hutakiwa kupitiwa upya baada ya kila sensa.

Katika uchaguzi wa 2021 Kasese ilikuwa na majimbo matano: Bukonzo Mashariki, Bukonzo Magharibi, Busongora Kaskazini, Busongora Kusini na Manispaa ya Kasese. Juu ya hayo kuna kiti cha mbunge mwanamke wa wilaya, kinachotokana na ibara ya 78 ya Katiba. Mgombea wa kiti hicho huomba kura wilaya nzima, kuanzia Hima hadi Karambi, na kutoka visiwa vya nyumba kando ya maziwa hadi vijiji vilivyoning'inia milimani. Winnie Kiiza, aliyekishika kiti hicho hadi 2021, aliongoza kambi ya upinzani bungeni kati ya 2016 na 2018.

Katika uchaguzi wa 2016 chama cha upinzani cha FDC kilishinda viti vyote sita vya ubunge vya Kasese. Mwaka 2021 chama tawala cha NRM kilirejesha baadhi ya viti hivyo. Kwa hiyo Kasese si ngome ya kudumu ya upande mmoja, na kila jimbo lina hesabu zake.

Mpigakura mmoja, kura nyingi

Mpigakura wa Karambi humchagua rais, mbunge wa Bukonzo Magharibi, na mbunge mwanamke wa Kasese. Kwa ngazi za chini humchagua mwenyekiti wa LC5, diwani wa wilaya anayewakilisha gombolola yake, diwani mwanamke wa wilaya, mwenyekiti wa LC3, na madiwani wa gombolola. Kura hizi hazipigwi zote siku moja. Mkazi wa Nyamwamba, mjini Kasese, huongeza meya na mwenyekiti wa divisheni.

Theluthi moja ya viti katika mabaraza imetengwa kwa wanawake, na kuna viti vya vijana, watu wenye ulemavu na wazee. Viti hivyo vya makundi hujazwa kupitia vyombo vyao maalumu vya uchaguzi.

Uchaguzi wa vijiji una utaratibu wake. Wapigakura hupanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, nao huhesabiwa hadharani. Uchaguzi uliofanyika Julai 2018 ulikuwa wa kwanza wa namna hiyo tangu 2001, jambo lililomaanisha kwamba kwa miaka 17 wenyeviti wengi wa vijiji walikaa bila kuhojiwa kwa kura. Kamati ya parishi, LC2, haichaguliwi na wananchi moja kwa moja, bali na kamati za vijiji vilivyomo.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mtu hupiga kura katika kituo alichoandikishwa. Aliyehama kutoka Bwera kwenda Hima bila kuhamisha jina lake wakati daftari linaporekebishwa bado ni mpigakura wa Bwera.

Hoja ya kuigawa wilaya

Uganda ilikuwa na wilaya 33 mwaka 1986. Leo zimezidi 130. Katika eneo la Rwenzori, Ntoroko ilimegwa kutoka Bundibugyo mwaka 2010 na Bunyangabu kutoka Kabarole mwaka 2017. Kasese imebaki nzima tangu 1974.

Athari yake huonekana kwenye hesabu. Katika sensa ya 2014 Ntoroko ilikuwa na watu takriban 67,000, ilhali ilikuwa na mbunge wa jimbo na mbunge mwanamke. Kwa wastani kila mbunge aliwakilisha watu wasiozidi 34,000. Kasese, yenye takriban watu 695,000 na wabunge sita, ilikuwa na mbunge mmoja kwa kila watu 116,000 hivi. Mbunge mwanamke wa Kasese aliwakilisha watu mara kumi ya wale wa mwenzake wa Ntoroko.

Wanaotaka mgawanyo hutumia hoja hiyo pamoja na ya umbali. Wilaya yenye makao yake Bwera ingempunguzia mkazi wa Kitholhu safari ya kwenda Kasese mjini, na ingeleta baraza na bajeti karibu. Wapo pia viongozi wa Basongora wanaoona kwamba jamii yao ndogo ingesikika zaidi katika wilaya yake.

Wanaopinga hutaja gharama. Ofisi mpya, magari na mishahara humeza fedha ambazo zingenunua dawa na vitabu, na wilaya changa hutegemea serikali kuu kwa karibu kila kitu. Miongoni mwa wafuasi wa ufalme wa Rwenzururu kuna hofu ya ziada kwamba kugawa wilaya ni kuwagawa Bakonzo. Ufalme huo, Obusinga bwa Rwenzururu, ulitambuliwa na serikali kama taasisi ya utamaduni, na Mumbere akatawazwa mwaka 2009. Novemba 2016 vikosi vya usalama vilivamia ikulu yake mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 wakauawa katika matukio ya siku mbili. Mumbere alikamatwa, mashtaka yakafutwa Juni 2023, naye akarejea Kasese Oktoba mwaka huo. Ufalme huo si ngazi ya utawala. Hautozi kodi wala hauna kiti katika baraza la wilaya, lakini neno lake lina uzito katika mjadala huu.

Sheria inasemaje? Ibara ya 179 ya Katiba inasema wilaya mpya huundwa na Bunge, kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote. Vitengo vya chini, kama kaunti ndogo, vinaweza kuundwa kwa uamuzi wa baraza la wilaya kwa mujibu wa sheria. Katika hali zote mbili Katiba inataja wazi vigezo vya kuzingatia: haja ya utawala bora na kusogeza huduma, njia za mawasiliano, sura ya nchi, msongamano wa watu, uwezo wa kiuchumi, na matakwa ya wananchi wanaohusika. Kigezo hicho cha mwisho kinampa mwananchi haki ya kuuliza, kabla ya mstari kuchorwa, ni lini na wapi maoni yake yalichukuliwa.

Mlango upi kwa haja ipi

Kwa mambo ya kila siku, mgawanyo huu unaweza kufupishwa hivi.

Barua ya utambulisho, ushahidi wa makazi kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, na ugomvi wa jirani huanzia kwa mwenyekiti wa LC1. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya kijiji hukata rufaa parishini, kisha katika gombolola, na kutoka hapo kwa hakimu mkuu.

Mpango wa Maendeleo wa Parishi, uliozinduliwa Februari 2022, ulipangiwa kupeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila parishi, na mkopo wa shilingi milioni moja kwa kila mnufaika. Hapa mpaka wa parishi ni fedha taslimu. Kiasi kikiwa kile kile kwa kila parishi, parishi yenye kaya nyingi hugawana fungu sawa na yenye kaya chache. 

Ushuru wa soko, leseni ya duka na barabara ndogo ni mambo ya gombolola, baraza la mji au divisheni. Shule za serikali, hospitali za wilaya na barabara zinazounganisha kaunti ndogo huwahusu viongozi wa wilaya. Sheria za nchi na bajeti ya taifa ni kazi ya mbunge. Hata hivyo, wabunge wengi huombwa michango ya mazishi, karo na magari ya wagonjwa, mambo ambayo sheria haikuwapa.

Ramani ya Kasese haijafika mwisho. Kila sensa hufungua upya hesabu ya majimbo, na kila kituo cha biashara kinachokua huomba hadhi ya mji. Mabadiliko hayo hutangazwa kwa lugha ya ofisini na mara nyingi hupita kimya. Mkazi anayejua kijiji chake, parishi yake, gombolola yake na jimbo lake ndiye atakayegundua mapema kwamba mstari umesogezwa, na ndiye atakayeweza kuuliza umesogezwa kwa faida ya nani.